Ticket to Ride: Fumbo la Kupanga Njia kwa Mpenzi wa Reli

Mpenzi wa reli akiikunjua ramani ya njia za treni, jicho lake huenda kwanza kwenye makutano: wapi njia mbili zinakutana, wapi treni ingelazimika kuzunguka, na ni kipande kipi kikizibwa safari nyingi zitaharibika. Kwa mtu wa namna hiyo, Ticket to Ride, mchezo wa mezani uliobuniwa na Alan R. Moon na kutolewa na Days of Wonder mwaka 2004, ni fumbo halisi la kupanga njia, na kwa kipimo hicho ndicho ninachoupima hapa. Mwaka huohuo ulitunukiwa Spiel des Jahres, tuzo mashuhuri ya michezo nchini Ujerumani, na baada ya kuucheza mara nyingi naona ulistahili.

Ubao wake ni ramani ya Marekani pamoja na baadhi ya miji ya Kanada. Wachezaji ni wawili hadi watano, na kila mmoja huanza na mabehewa 45 ya plastiki, karata nne za rangi na tiketi tatu, kila tiketi ikitaja miji miwili ya kuunganishwa. Kati ya hizo tatu, lazima abaki na angalau mbili. Kila zamu huruhusu jambo moja tu: kuokota karata, kukamata kipande cha njia kwa kutoa karata za rangi yake, au kuongeza tiketi. Tiketi iliyotimizwa huongeza alama zilizoandikwa juu yake, na isiyotimizwa hupunguza alama hizohizo.

Chukua tiketi ya Los Angeles hadi Miami, yenye alama 20. Njia ya kusini hupita El Paso, Houston na New Orleans, nayo hula mabehewa 20: sita hadi El Paso, sita mengine hadi Houston, mawili hadi New Orleans na sita ya mwisho hadi Miami. Sasa kitazame kipande cha kwanza peke yake. Unaweza kwenda El Paso moja kwa moja kwa karata sita nyeusi ukapata alama 15, au ukapita Phoenix kwa vipande viwili vya mabehewa matatu matatu, ambavyo kila kimoja hukubali rangi yoyote utakayoichagua, ukapata alama nne na nne. Mabehewa ni sita kwa sita, ila alama zinapishana kwa saba. Lakini anayezikusanya karata nyeusi hukaa zamu kadhaa bila kugusa ubao, na mwenzake anaweza kukikamata kipande hicho kwa zamu moja tu. Nimewahi kubaki na karata tano nyeusi mkononi huku nikiitazama njia yangu ikifungwa, na tangu siku hiyo nimejifunza kuhesabu pia njia ya kuzunguka kabla sijaanza kukusanya.

Kuna pia zawadi ya alama 10 kwa mwenye njia ndefu kuliko zote isiyokatika, na kwangu hapa ndipo penye utamu mkubwa zaidi. Njia hiyo inaruhusiwa kuupita mji uleule zaidi ya mara moja, ila haiwezi kulihesabu behewa lilelile mara mbili. Hili ni swali la aina ileile aliyoijibu mwanahisabati Leonhard Euler mwaka 1736 kuhusu madaraja saba ya mji wa Königsberg: je, mtu anaweza kuyavuka yote bila kurudia hata moja? Kwa mujibu wa jibu lake, mtandao wako ulioungana utahesabika wote kwa mkupuo mmoja ikiwa miji ambako vipande vyako vinakutana kwa idadi witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, haizidi miwili. Kwa hiyo tawi fupi lililochomoza katikati ya njia kuu, hata likitimiza tiketi, halimo katika hesabu ya urefu; afadhali kuirefusha njia kwenye ncha zake, au kulirudisha tawi hilo hadi mji lilikoanzia ili lifunge duara.

Nikiwa peke yangu huweka tiketi tano mezani na kutafuta mtandao wa mabehewa machache kabisa unaoweza kuzitimiza zote. Ni zoezi gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu njia fupi ya kila tiketi ikipangwa kivyake mara nyingi huacha reli mbili zikienda sambamba, ilhali shina moja, hata likipinda kidogo, lingezibeba tiketi zote mbili.

Upungufu upo. Hakuna ratiba, hakuna treni inayosubiri nyingine ipite kwenye njia moja, wala hakuna behewa linalosogea likishawekwa. Anayependa reli kwa ajili ya uendeshaji wake hatashibishwa na mchezo huu. Wakiwa wachezaji wawili ubao huwa na nafasi nyingi mno, ingawa sheria hufunga upande mmoja wa kila njia pacha, yaani vipande viwili sambamba kati ya miji ileile, na mimi huuona umebana vizuri wakiwa watatu. Jambo linaloniudhi zaidi ni tiketi zinazookotwa mchezo ukikaribia kwisha. Aliyekwisha kujenga Denver hadi Santa Fe na Santa Fe hadi El Paso kwa shughuli nyingine, akiokota tiketi ya Denver hadi El Paso, hupata alama nne ambazo hakuzipangia chochote, wakati jirani yake aliyepanga kwa makini huokota tatu zisizowezekana na bado hulazimika kubaki na moja.