Fonti nzuri namna hii, halafu ng' imewashinda

Naandika hasira zikiwa bado kifuani, na sitaki zipoe kwanza.

Miezi kadhaa iliyopita nilinunua leseni ya fonti moja ya serifu, yaani yenye vijiguu kwenye ncha za herufi, nzito, ya mabango na majalada. Sikununua kwa pupa. Picha za mfano nilizitazama karibu wiki nzima. Herufi a ndiyo iliyonimaliza: tumbo limejaa kama tone la maji linalotaka kudondoka, na juu yake uzi mwembamba unajikunja hadi kwenye kitufe cha duara. Maneno yetu yamejaa a. Nikasema hii sasa imekuja kwa ajili yetu, hasa nilipoona kwenye orodha ya lugha wameandika na Kiswahili.

Kazi ilikuwa jalada la kitabu, na neno kubwa kuliko yote lilikuwa Ng'oa.

Nikaliandika, nikalikuza likajaa skrini. Jamani! Ile g ina sikio nene lililochomoza kulia, na ritifaa yao, kile kialama cha juu kwenye ng', nayo ni kitufe kinene chenye mkia. Mkia umelalia sikio, vimegandana kama doa la wino. Upande wa pili, chini ya ritifaa, kumebaki shimo ambalo o haikusogea kuliziba. Ukilitazama jalada kwa mbali unasoma maneno mawili: Ng, kisha oa.

Wanaojua kazi hii wanajua kwamba kuchora umbo la herufi ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kupima nafasi ya kila jozi: A na V zisogezwe kiasi gani, T imfunike o kiasi gani. Jozi hizo wamezishona vizuri mno, nakiri. Ila g na ritifaa hawakuzigusa kabisa. Na kwenye herufi za kawaida za kusomea kosa la namna hii lingepita bila kuonekana, lakini fonti nene kama hii hukuza kila kasoro, kwa sababu weusi ni mwingi na nafasi ni finyu.

Nikawaandikia kwa adabu, na picha nikaambatanisha. Mhudumu wao akanijibu kwa sentensi mbili. Kwamba ritifaa haina tatizo lolote, na kama inanisumbua niitoe tu, wasomaji wataelewa.

Niitoe! Ng'oa ni kuchomoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu na tamaa, ndiyo ile ya kulia ngoa. Ritifaa kwetu ni sehemu ya sauti yenyewe, huwezi kuipangusa kama vumbi. Nilipandwa na mori hadi nikaondoka kwenye meza.

Baadaye ndipo nikaelewa Kiswahili kiliingiaje kwenye ile orodha. Hatuna herufi zenye vidoti wala vikofia, kwa hiyo fonti yoyote yenye a hadi z hujitangaza kuwa inatufaa. Hakuna aliyeketi akaandika neno letu hata moja. Tena katika picha zao wameitukuza Q yenye mkia mrefu, herufi ambayo tahajia yetu haiitumii kabisa.

Kwa siku kadhaa niliisusa. Nikakimbilia Cooper Black, kazi ya Oswald Cooper wa Chicago ya mwaka 1922, nene pande zote na yenye miguu ya mviringo. Fonti ya upole, haina nyuzi za kukatika. Lakini jalada likawa laini mno, likatabasamu mahali ambapo lilitakiwa likaze uso. Neno kama lile lilihitaji ukali wa mistari minene na myembamba, ule uliotoka kwa mchapaji Bodoni kule Parma, Italia, na kwa akina Didot, wachapaji wa Paris, kisha wachonga herufi wa London wakaunenepesha mwanzoni mwa karne ya 19 ili matangazo yasomeke ukutani. Fonti hii niliyoitukana inaujua ukali huo. Basi nikairudia, roho ikiniuma.

Leseni hainiruhusu kuifungua faili na kurekebisha nafasi mle ndani. Kwa hiyo kila penye ng' nalazimika kuligeuza neno liwe mchoro, nipunguze ritifaa, niipandishe, niivute o kwa mkono. Jalada, mgongo wa kitabu, ukurasa wa jina, vichwa vya sura. Kwenye vichwa vya sura, vilivyo vidogo, zile nyuzi nyembamba zilififia karatasini, lakini hilo siwalaumu. Fonti ya bango ukiipunguza sana kosa ni lako.

Mnunue au msinunue? Nilipoanza kuandika nilikuwa na jibu moja tu: ng'o! Sasa nalitazama jalada lililochapwa, hapa mbele yangu, na sijawahi kuona a nzuri kama hizi. Kama neno lenu halina ng', chukueni. Kama linayo, tengeni siku nzima ya kazi ya mkono, na msitegemee huduma yao kwa wateja.

Nimewaandikia tena, safari hii na orodha ya maneno: ng'ombe, ng'ambo, king'ora, nong'ona, kung'ata. Hawajajibu.