Siku tatu katika vilima na magenge ya Pwani: yote yalipangwa isipokuwa maji

Kampuni iliyotutembeza ina ofisi yake katikati ya jiji la Nairobi, na sitaitaja kwa jina kwa sababu nina malalamiko nayo ambayo tayari nimeyafikisha kwa wenyewe. Ninachokitathmini ni safari yao ya siku tatu ya kutembea kwa miguu katika vilima vya Kwale na Rabai, kisha kwenye magenge ya Vuma upande wa Kilifi, niliyoilipia shilingi 16,500 kwa M-Pesa mwezi wa Agosti. Ndani ya bei hiyo mlikuwa na tiketi za treni daraja la kawaida, ambazo kwenda na kurudi ni shilingi 3,000, pamoja na basi dogo, malazi, chakula, ada za kuingilia na waongozaji. Kwa mtu aliyezoea kupanda vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, asubuhi na kurudi kula kwake, si bei ndogo, lakini nilipopiga hesabu ya kwenda peke yangu niliona ningeokoa elfu mbili tu, na usumbufu wote ungekuwa wangu.

Tuliondoka kituo cha Syokimau Ijumaa kwa treni ya saa tisa alasiri. Mwandalizi alikuwa ametuamuru tufike saa saba na nusu, nasi tukanung'unika, ila foleni ya ukaguzi, ambapo mizigo hupangwa chini mbwa wainuse kabla ya kupitishwa kwenye mashine, ilionyesha kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Tulipofika Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, usiku niliwavulia kofia: badala ya kutupeleka Likoni kungoja feri, dereva alishika barabara ya Dongo Kundu, akavuka daraja la Mteza, na kabla ya saa nne na nusu tulikuwa Kwale tunakula wali wa nazi kwa samaki wa kupaka. Vyumba vilikuwa safi na vyandarua havikuwa na tundu hata moja. Nimekwisha kulala katika nyumba za bei kubwa zaidi ambazo haziwezi kusema hivyo.

Jumamosi ilikuwa ya Shimba Hills, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, ambayo vilima vyake vya mawe ya mchanga vinapanda kutoka uwanda wa pwani hadi zaidi ya mita 400 na kuchanganya msitu mzito na mbuga za nyasi. Chemchemi za Marere, ambazo maji yake hunywewa Mombasa, zimo humo, na ndipo mahali pekee nchini Kenya ambapo palahala, yule swala mkubwa wa pembe ndefu zilizopinda, anaishi porini. Kwa sababu ya ndovu, mtu haendi kwa miguu kwenye maporomoko ya Sheldrick bila askari mwenye bunduki wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Askari wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Karibu na nusu ya njia alinyoosha mkono kutusimamisha, akachuchumaa penye kinyesi cha ndovu, akakigusa kwa mgongo wa kiganja kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha akainuka na kusema, "Cha usiku. Twendeni." Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa anyamaze.

Njia hiyo ni ya kilomita mbili hivi, na yote ni mteremko hadi maji yanapoanguka kutoka kimo cha mita 21 ndani ya dimbwi ambalo unaweza kuoga. Maana yake ni kwamba kurudi ni kupanda mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba safari hii iliandikwa mezani Nairobi. Lango la hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Sisi tulianza kutembea saa nne. Ngong, ambako vilele vinafikia karibu mita 2,460, saa nne ni saa ya kuvua koti. Kwale ni saa ya kutafuta kivuli. Hata Agosti, upepo wa kusi unapopoza ufuo, ndani ya msitu kuna fukuto linalomfanya mtu aliyetoka nyanda za juu ajihisi amefunikwa blanketi lenye maji, na mwenzetu mmoja aliketi chini mara tatu kabla ya kufika juu. Tulikuwa tumegawiwa nusu lita ya maji kila mtu. Orodha ya vitu vya kubeba iliyotumwa kabla ya safari ilitaja sweta na soksi za sufu, na haikutaja kofia.

Tulipofika Giriama Point na kuiona bahari yote chini yetu, na minazi ya ukanda wa Diani kama mstari uliochorwa kwa penseli, malalamiko yalipungua. Yangepungua zaidi kama tungepewa zaidi ya dakika kumi na tano.

Rabai ilikuwa ya kupita tu jioni. Ni kituo cha misheni cha Krapf na Rebmann, wamisionari wa Kijerumani, cha mwaka 1846, na ndiko Rebmann alikotoka kwa miguu hadi akauona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Makumbusho yalikuwa yamekwisha kufungwa. Mwongozaji wa mahali hapo alituonyesha kwa mbali msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, mojawapo ya kaya zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, akaeleza kwamba hauingiwi bila idhini ya wazee, na kwamba hakuna mtu kutoka Nairobi aliyeiomba kwa niaba yetu.

Nilikuwa nimelipa hasa kwa ajili ya Vuma. Magenge haya yako karibu na Takaungu, ni mwamba wa matumbawe ya kale uliobaki juu bahari iliposhuka, na mawimbi yameutoboa kutoka chini hadi maji yanapata njia ya kupandia. Wimbi likiingia kwa nguvu, maji huruka juu kupitia matundu hayo kwa kishindo kinachosikika kabla hujaliona genge lenyewe, na jina la mahali halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kiswahili. Tulifika saa nne asubuhi ya Jumapili, siku mbili baada ya mwezi kuwa mpevu. Palikuwa kimya. Chini kabisa bahari ilikuwa ikilamba mwamba, nasi tukapiga picha za matundu makavu.

Mzee mmoja alikuwa amekaa ukingoni na mshipi wake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwuliza kama matundu yameziba. Alicheka kwa adabu. "Mwanangu, leo ni bamvua. Saa hizi maji yamekwenda kutembea. Njooni saa kumi."

Jambo hili halikuwa siri ya mzee. Katika pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakichelewa kama dakika hamsini kila siku, na wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Siku hizo za bamvua maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Jedwali la maji hupatikana kwenye simu. Mwandalizi wetu alipoambiwa alijibu kwamba treni ni saa tisa, jambo ambalo lilikuwa kweli na ndilo kosa lenyewe, kwa kuwa Jumapili hiyo hiyo kuna treni nyingine Miritini saa nne usiku kwa nauli ile ile.

Mimi niliwaaga. Nilipata kwa bahati kiti katika treni ya usiku, shilingi 1,500 zangu mwenyewe, nikarudi ukingoni. Soli ya buti nililonunua Toi Market ilikuwa imekwisha kukatwa na matumbawe, yaliyo makali kama chupa iliyovunjika, kwa hiyo nilitembea polepole. Saa kumi kasoro robo tundu la kwanza lilikohoa. Saa kumi na robo lilitupa maji juu ya kichwa changu, na mwamba ukatetemeka chini ya miguu.

Kwa usafiri, malazi na chakula kampuni hii naipa alama nane kwa kumi. Kwa kuijua pwani, tatu. Waulize saa ya kuanza kutembea kabla ya kulipa, na ubebe lita mbili zako. Barua yangu waliijibu kwa heshima siku iliyofuata wakinishukuru kwa maoni. Jana wamenitumia ratiba ya Septemba: Vuma ni Jumapili, saa nne asubuhi, treni saa tisa. Nimetazama kalenda, na mwezi utakuwa mpevu usiku wa kuamkia siku hiyo.