Kozi ya usalama wa moto hapa Dar, mwalimu moto kweli ila vifaa bado sana

Kozi yenyewe ni ya cheti, masomo ya jioni, chuo cha binafsi hapa hapa Dar. Jina naliacha maana kuna mambo ntayasema sio mazuri, na nachotaka ni we ujue cha kuangalia popote utakapoenda, sio kumharibia mtu biashara.

Nianze na mwalimu wa vitendo. Ni afande mstaafu wa zimamoto, mtu mzima, shikamoo yake unaitoa kwa moyo, na huyu mzee hana habari na kusoma slaidi. Siku ya moto wa mafuta alitutoa uwanjani, akabandika karai la mafuta ya kupikia kwenye jiko la gesi, yakafuka moshi weee mpaka yakashika moto yenyewe bila kiberiti, akatusogeza nyuma kabisa, halafu akachukua kikombe kidogo tu cha maji kilichofungwa kwenye bomba refu akamimina. Aisee! Ule moto ulipanda juu kama mnazi na joto lake tulilisikia usoni tulipokuwa tumesimama. Ndo akaeleza sasa, mafuta yakifika hapo yako zaidi ya nyuzi 300, maji ni mazito kuliko mafuta kwahiyo yanazama, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi kama mara 1,700 ya yale maji, basi unayarusha mafuta yanayowaka hewani vitone vitone na kila kitone kinakutana na hewa yake. Sasa fikiria vibanda vya chipsi vya mji huu, Sinza, Tandika, Mbagala, karai liko pembeni ya turubai na ndoo ya maji ndo wanaita tahadhari. Dawa yake ni kuzima gesi kama unaifikia, kufunika na mfuniko wa bati au blanketi la moto, na kuacha lipoe kabisa, usifunue kuchungulia maana likipata hewa linashika tena.

Mitungi ya kuzimia moto nayo kafundisha vizuri mno. Watu wengi maofisini tunaangalia stika ya sevisi tu tunaridhika, kumbe mtungi wa CO2 hauna geji, hauwezi kujua kama umejaa mpaka uupime kwenye mzani na ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye mtungi wenyewe, gesi ikipungua zaidi ya asilimia 10 unaenda kujazwa. Nilivyorudi kazini nikaomba mzani wa stoo, na mmoja wenye stika mpya kabisa ulikuwa mwepesi vibaya, yani yule aliyepita kuweka stika hakuunyanyua hata. Hilo somo peke yake lilinirudishia ada. Lingine, ukipuliza CO2 usishike ile honi kwa mkono mtupu, inaganda na inaunguza kwa baridi, na poda inazima karibu kila kitu ila ukiimwaga kwenye chumba cha seva vifaa navyo ndo umeviaga.

Nadharia ilikuwa ya kawaida, pembetatu ya moto (joto, hewa na kinachoungua), madaraja ya moto (aina zake kwa kinachoungua), sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007, sheria ya usalama na afya kazini (OSHA) ya 2003. Palipochangamka ni siku ya kujadili soko la Kariakoo lilivyoungua Julai 2021, maana darasani kulikuwa na watu wenye frem maeneo yale. Mzigo umepangwa mpaka darini, mlango wa nyuma umezibwa na mabelo, nyaya zimeunganishwa juu kwa juu, kila mtu alikuwa anaitaja frem anayoijua.

Sasa kilichoniuma. Mifumo. Springla (vile vichwa vya darini vinavyomwaga maji moto ukitokea), ditekta za moshi, paneli ya alam, pampu, hivi vyote tumesoma kwa picha. Paneli wanayo, imefungwa ukutani vizuri kabisa, ila haijaungwa umeme, tukauliza tukaambiwa itaungwa wiki ijayo, kozi ikaisha. Na hapo ndipo kazi ya kinga ya moto ilipo jamani! Mji unajaa maghorofa, moto wa juu huko unatakiwa ukutane na springla na pampu za jengo lenyewe kabla gari la zimamoto halijatoka kwenye foleni. Kuna wenzangu wamemaliza wanaamini springla zote zinamwaga maji kwa pamoja kama kwenye muvi, wakati kila kichwa kina kichupa chake cha kioo, kile chekundu kinapasuka kwenye nyuzi 68, na kinafunguka kile tu kilichopata joto. Mimi nimelijua hilo kwa kujisomea. NFPA, chama cha kinga ya moto cha Marekani, hawa wapo tangu 1896, ukijisajili kwenye tovuti yao unasoma viwango vyao bure, anza na namba 10 ya mitungi, 13 ya springla, 72 ya alam. Chuo kingetuambia hata hilo tu.

Kama ndoto yako ni kuvaa gwanda la zimamoto, kozi hii haikupeleki huko, Jeshi linatangaza nafasi zake lenyewe na linafundisha watu wake chuoni kwao Chogo, Handeni. Inamfaa anayetaka kuwa afisa usalama kiwandani, hotelini, kwenye maghala au depo za mafuta Kurasini na Kigamboni. Anayetaka kufunga mifumo atafute chuo chenye vifaa, au aingie kwenye kampuni ya ufungaji kama msaidizi ajifunzie hapo.

Nawapa 7 kwa 10 na karibu zote ni za yule mzee. Kabla hujalipa popote omba wawashe paneli mbele yako na ditekta ipuliziwe moshi ilie, omba namba yao ya usajili NACTVET (baraza la serikali linalosajili vyuo vya ufundi) ukahakiki mwenyewe, na uliza anayefundisha vitendo kawahi kuzima moto wapi. Ada hapa inalipwa kwa awamu mbili, ya pili kabla ya mtihani, buti na glovu unajinunulia.