TI-84 Plus ya mtumba: usilipe kabla hujaifuta

Nimekaa na kalkuleta hii ya grafu muda wa kutosha kuisemea. Nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Moshi. Wanafunzi wangu wengi ni wa kidato cha tano na sita, na wapo wachache wanaosoma mtaala wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate). Hao wachache ndio walionifanya niitafute, kwa sababu kwenye mitihani yao kalkuleta ya grafu ni kifaa cha lazima, na mwalimu asiyejua vitufe vyake anabaki kuhadithia tu. Niseme mapema: ni mashine imara, ya kizamani kidogo, na ya mtumba inafaa kabisa kununua. Ila mambo mengi yanategemea menyu moja ndogo ya kufuta kumbukumbu, na wauzaji wengi niliokutana nao hawaijui. Na wewe usipoijua, mtauziana kizima kwa bei ya kibovu, au kibovu kwa bei ya kizima.

Yangu niliipata Arusha, kwa kijana mwenye meza ya chaja na simu jirani na Soko Kuu. Alisema ilitoka kwenye furushi la familia ya wageni waliokuwa wanahama. Kifuniko kipo, vitufe vyote vinabonyea, kioo hakina mkwaruzo. Bei ya kuanzia laki moja na ishirini. Nikaandika Y1=X², nikabonyeza GRAPH, ikatoa ERR:INVALID DIM. Kijana akakunja uso hata kabla yangu.

“Mwalimu, nisikufiche, hiyo ndiyo shida yake. Hesabu za kawaida inapiga, grafu inagoma. Nipe themanini uondoke nayo.”

Mimi nilishaona tatizo liko wapi. Kule juu kabisa kwenye ukurasa wa Y= palikuwa na neno Plot1 limewekewa kivuli cheusi. Maana yake mwenye mashine aliwahi kuchora takwimu, akafuta orodha za namba zake, lakini hakuizima ile michoro ya takwimu. Basi kila ukiomba grafu, mashine inakwenda kwanza kutafuta namba ambazo hazipo, inalalamika, inasimama hapo hapo. Si ugonjwa. Ungeweza kupanda kwa mshale hadi kwenye Plot1, ukabonyeza ENTER, ikazimika na grafu ikachora. Lakini nilitaka mashine safi, isiyo na mabaki ya mtu, kwa hiyo nikamwambia: themanini sawa, ila nakulipa nikishaifuta mbele yako. Akakubali, tukapeana mkono. Siri ya Plot1 nilibaki nayo. Bei aliitaja mwenyewe.

Kabla ya kufuta chochote, chungulia kwanza kilichomo. Bonyeza kitufe cha bluu cha 2nd, kisha alama ya kujumlisha, ambayo juu yake pameandikwa MEM. Namba 2 ni Mem Mgmt/Del. Humo utaona juu kabisa nafasi iliyobaki, RAM FREE na ARC FREE, na chini yake aina za vitu vilivyohifadhiwa. Kwenye orodha ya programu nilikuta kumi na kitu, za kutafuta mizizi ya hesabu za kipeo cha pili, michezo, na moja ambayo kwa jina ni ya fizikia lakini ndani ni maandishi matupu: kanuni za mwendo, mstari kwa mstari. Huyo mwanafunzi wa zamani alikuwa amejiandalia kibomu chake vizuri. Baadhi ya majina yalikuwa na kinyota pembeni, na hicho kinyota ndicho kitu muhimu kuliko vyote kwa anayenunua.

Mashine hii ina sehemu mbili za kutunzia. RAM, yenye nafasi ya kilobaiti 24 hivi kwa mtumiaji, ni kama ubao wa darasani: unaandika, unafuta, na kosa moja kubwa linaweza kuufuta wote. Archive ni kubwa zaidi, kilobaiti 480, na iko kwenye kumbukumbu ya aina ya flashi, kwa hiyo haihitaji hata betri ili ibaki. Chenye kinyota kiko Archive. Ukifuta RAM peke yake, vyenye kinyota vinabaki vimetulia kama vilivyokuwa, nawe unadhani umemaliza kazi.

Kwenye menyu ile ile ya MEM, namba 7 ni Reset. Ukiingia unakuta kurasa tatu unazopita kwa mshale wa kulia: RAM, ARCHIVE na ALL. Ule wa kwanza una machaguo mawili, All RAM na Defaults. Defaults inarudisha mipangilio tu bila kugusa programu wala namba zako, na kwa mtu anayesema kalkuleta yake “inaleta majibu ya ajabu”, mara nyingi hiyo inatosha. Ukurasa wa ARCHIVE una Vars (programu na namba alizohifadhi mtumiaji), Apps (programu-tumizi) na Both, yaani vyote viwili. Huo wa ALL una chaguo moja, kufagia kila kitu.

Hapa ndipo naomba uniamini: usikimbilie ALL. Mzazi mmoja wa mwanafunzi wangu alinunua mashine kama hii, akaambiwa na mtu “futa yote iwe mpya”, akafuta yote. Ikaondoka pia PlySmlt2, programu-tumizi ya kutafuta mizizi ya polinomia na kutatua milinganyo sambamba, ambayo wanafunzi wa IB wanaitegemea sana. Mfumo endeshi wenyewe haufutiki kwa njia hii, kalkuleta iliendelea kufanya kazi, lakini kuirudisha PlySmlt2 kulihitaji kompyuta, programu ya TI Connect, na waya wa USB wenye kichwa kidogo cha zamani, kile cha kamera za dijitali za miaka ile. Mama wa watu alizunguka maduka ya Double Road mpaka miguu ikauma, kila duka wanamletea waya wa simu. Aliupata kwa mpiga picha wa harusi.

Kwa hiyo mimi nilikwenda ARCHIVE, nikachagua Vars, nikathibitisha, programu za yule mwanafunzi zikaondoka na Apps zikabaki. Kisha nikarudi kwenye RAM, All RAM, namba 2 Reset.

Kioo kikawa cheupe. Hakuna maandishi, hakuna kishale kinachopepesa, hakuna kitu.

“Umeiua, mwalimu!” Kijana alishasimama. Jirani yake wa meza ya vifuniko vya simu naye akasogea, maana Arusha kelele haikosi mashahidi. Nikamwambia tulia chalii, nikabonyeza 2nd, nikaachia, nikashika mshale wa juu. Kwenye kona ya juu kulia ikaanza kuonekana namba ikipanda, na maandishi yakajitokeza taratibu mpaka yakasomeka: RAM cleared. Kufuta kumbukumbu huweza kubadilisha ukolezi wa kioo, na hilo limeandikwa hata kwenye kitabu cha maelekezo cha mashine yenyewe. Kioo kikizidi weusi unafanya vilevile kwa mshale wa chini. Sijui ni kalkuleta ngapi zimetupwa kabatini kwa sababu hii tu.

Nikaandika tena Y1=X², GRAPH, na parabola ikachorwa pale pale. “Kumbe ni hilo tu? Basi mwalimu, irudishe tuseme laki.” Tulishapeana mkono. Nikamlipa themanini yake na soda juu.

Sasa kuhusu maisha baada ya kufuta. Mashine iliyofutwa inaamka na mipangilio ya kiwandani, na mpangilio wa kiwandani wa pembe ni radiani. Wanafunzi wetu wamezoea Casio fx-991ES PLUS, ambayo ukiifuta kwa SHIFT, 9, 3, = inarudi kwenye digrii. Mwanafunzi anapiga sin 30, anatarajia 0.5, TI inampa -0.988, na anaanza kulaani kifaa. Ingia MODE, shuka hadi DEGREE, ENTER, yamekwisha. Kila mwanafunzi ninayemfutia mashine, jaribio la sin 30 ndilo la kwanza, kabla hajaingiza hata kitu kimoja.

La pili linaudhi zaidi kwa sababu halionekani. Ukifanya rigresheni, yaani kutafuta mstari unaokaribiana na namba zako, baada ya kufuta utapata a na b za mstari bila r wala r², vipimo vya nguvu ya uhusiano. Hazijaharibika, zimefichwa tu. Bonyeza 2nd na 0 kufungua CATALOG, tafuta DiagnosticOn, ENTER mara mbili. Binafsi naona huu ni mpangilio wa ajabu kwa kifaa cha shule. Nani anachora mstari wa rigresheni asitake kujua uhusiano wake? Nampunguzia TI alama kwa hilo. Na ikitokea safu za L1 hadi L6 hazionekani kwenye STAT, usifute kumbukumbu yote kwa ajili yake: STAT, 5, SetUpEditor, ENTER, zinarudi.

Betri. Inatumia nne ndogo, zile za rimoti, na ndani kuna nyingine ya duara kama ya saa inayolinda RAM wakati unabadilisha hizo nne. Kwa hiyo yule anayekwambia “toa betri uirudishe, itajifuta” anakudanganya bila kujua. Unapokagua ya mtumba, fungua mfuniko wa betri uangalie zile chuma za ncha. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, betri ilivuja. Ukiwa kidogo, pamba yenye siki inatosha, kisha ukaushe vizuri. Ukiwa umekula chuma, achana nayo hata kwa bei ya chakula cha mchana. Betri za bei chee za barabarani ndizo zinazoleta balaa hili, kwa hiyo likizo ndefu ikifika naziondoa zote nne.

Kwa walimu wanaosimamia mitihani, ujumbe wa RAM cleared kwenye kioo si ushahidi. Mwanafunzi mjanja anaweza kuandika programu ya mistari michache inayoonyesha maneno hayo hayo, akakuinulia kalkuleta kwa uso wa kondoo. Ingia mwenyewe MEM, namba 2, uangalie nafasi iliyo wazi na orodha ya programu. RAM ikiwa wazi karibu baiti 24,000 imefutwa kweli. Ukiona imebaki pungufu sana, kuna kitu. Na usisahau vinyota.

Njia bora kwa chumba cha mtihani ni hali ya mtihani yenyewe. Mashine ikiwa imezimwa, unashika mshale wa kushoto, wa kulia na ON kwa pamoja. Inasafisha RAM, inazifungia programu zilizoko Archive bila kuzifuta, na kabla ya kuanza inakuruhusu kuchagua digrii au radiani na kuziwasha r na r². Kutoka humo ndiko kwenye kazi: lazima uiunganishe kwa waya na kalkuleta nyingine ya jamii yake na kurushiana kitu chochote, au na kompyuta. Ukinunua ya mtumba na ukakuta programu hazikubali kufunguka, yawezekana mwenyewe alitoka mtihanini akaiuza hivyo hivyo. Mashine hiyo nayo si mgonjwa.

Je, ununue? Kama mwanao yuko IB au anakwenda chuo cha nje, ndiyo, ukiipata nzima chini ya laki usisite. Kioo ni cha nyeusi na nyeupe, nukta 96 kwa 64, na kijana aliyezoea simu atakicheka siku ya kwanza. Ile yenye rangi, TI-84 Plus CE, ni nyembamba na inachajiwa, lakini betri yake ikichoka utahangaika kuipata huku kwetu, wakati za rimoti ziko kila duka la Mangi. Kama mwanao ni wa PCM au PGM kwa mtihani wa taifa, usimnunulie. NECTA wanataka kalkuleta isiyopokea programu, na hii inapokea. Ataiacha mlangoni na kuingia kuazima Casio ya mwenzake.