Redmi Note 7 yenye LineageOS huku Mtwara: kwa kazi safi, kwa benki jipange

Wadau, simu yangu ya kazi ni Redmi Note 7, ile ya 2019, ila mfumo iliokuja nao nilishautoa nikaweka LineageOS na nimekaa nayo hivyo misimu kadhaa ya korosho, kwahiyo nayoongea hapa nimeyaishi.

Kwa asiyeijua, LineageOS ni Android ileile ila inatengenezwa na watu wanaojitolea, ilianza mwishoni mwa 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa, na kubwa wanalofanya ni kuziendeleza simu ambazo haziletewi tena apdeti. Hii yangu ilitoka kiwandani na Android 9, ya kiwandani iliishia 10, kwa LineageOS nimefika 13 na simu nyepesi haswa, haigandi hata nikifungua WhatsApp yenye magrupu ya AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, yote yanapiga kelele kwa pamoja siku ya mnada.

Ila kilichonikamata zaidi ni bando. Ukiingia kwenye taarifa za programu yoyote, pale kwenye matumizi ya data, unaweza ukaizimia intaneti kabisa, yaani programu inabaki kwenye simu na inafunguka ila haigusi hata MB moja. Mi nikienda Tandahimba au Newala nafungia karibu kila kitu naiacha WhatsApp peke yake, na hapo mtandao ukiwa wa kusuasua ile picha ya stakabadhi ya ghalani, yaani risiti ya korosho zilizopokelewa ghalani, inaenda kwa sababu hakuna kingine kinachogombania njia. Kwa mtu anayenunua bando la siku hili jambo ni kubwa mno, sielewi kwanini simu zote haziji nalo.

Kuna vitu vingine vidogo ila vinasaidia. Umeme ukikatika nashikilia kitufe cha kuwashia, kioo kikiwa kimezima hivyohivyo, tochi inawaka, sihangaiki kutafuta. Halafu kuna sehemu unawasha namba za PIN zinajipanga upya kila ukitaka kufungua simu, 1 leo iko juu kesho iko chini, kwahiyo aliyekaa siti ya nyuma yako kwenye basi kutoka Mkanaledi hawezi kukariri vidole vyako.

Ramani natumia Organic Maps, unapakua ukiwa na mtandao mzuri unaenda nayo vijijini bila data, njia za kule juu Makonde inazo nyingi kuliko nilivyotegemea.

Sasa upande wa pesa. M-Pesa *150*00#, Airtel Money *150*60#, zote zinapiga kazi kama kawaida maana hizo zinapita kwenye laini, hazijali simu yako ina mfumo gani. Shida ni programu za benki. Ukishafungua butiloda, yaani ile kufuli ya kiwandani inayozuia mfumo mwingine kuingia, Google wana ukaguzi wao unaoitwa Play Integrity, programu ikiuliza inajibiwa simu hii si salama, na benki yangu ikishapata hilo jibu inajifunga hapohapo. Mi nimerudi kwenye menyu ya nyota na kazi zinaenda, ila kama biashara yako inategemea programu ya benki kila siku basi usiifanyie hivi simu yako pekee, tafuta ya pili.

Kamera nayo inashuka kiasi. Mchana juani stakabadhi inasomeka mpaka muhuri, usiku picha zina chengachenga.

Apdeti zinakuja mara kwa mara na viraka vya usalama, lakini kila moja ni faili zima, karibu GB nzima, mi nasubiri bando la usiku ndo napakua. Na kuhama toleo kubwa, mfano kutoka 12 kwenda 13, haiji yenyewe, lazima kompyuta na waya.

Kwa anayetaka kujaribu, kufungua butiloda kunafuta kila kitu kwenye simu, kwahiyo hamisha picha na namba kwanza, na kwa Redmi ukishaomba kibali kwa Xiaomi wanaoitengeneza unaweza kusubirishwa wiki nzima ndo ifunguke, usimpe fundi anayekuambia anamaliza saa hiyohiyo. LineageOS yenyewe haiji na Play Store, programu za Google, hiyo Play Store ikiwemo, unaziweka palepale wakati wa kuingiza mfumo kabla hujawasha simu mara ya kwanza. Tecno na Infinix zilizojaa huku kwetu nyingi hazimo kwenye orodha yao, so ingia kwenye tovuti ya LineageOS uangalie simu yako kabla hujatoa hata mia, na soma jina mpaka mwisho, Redmi Note 7 faili lake linaitwa lavender na Note 7 Pro ni violet, haziingiliani.