Chasisi ipi uiwekee Land Rover 109 yako? Nne nilizozipima hapa Tanga

Tanga ni waja leo waondoka leo, ila kutu ikija haiondoki. Mwenye pikapu ya Land Rover 109 anaijua adha hiyo: bodi ni aluminiamu, haina haraka ya kuoza, huku chasisi ya chuma chini yake ikiliwa na hewa ya chumvi kuanzia ndani. Unabaki na kabini nzima juu ya kitu kinachobonyea ukikipigia jeki. Yangu ni ya 1975. Ilipofika hapo nikaanza kutafuta gari la kuchinja, yaani la kutolewa chasisi niipandishie bodi yangu.

Mafundi wengi wataanza na injini. Wewe anza na futikamba. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma: 109 ni inchi, yaani milimita 2,769. Kila chaguo hapa chini nimelilinganisha na hiyo.

1. Land Rover 110. Inazidi kwa inchi moja tu, na bodi zake ni za ukoo mmoja na yako. Unapata na springi za koili, mgongo utakushukuru. Kasoro ni kwamba ekseli zake ni pana, matairi yanatokeza nje ya bodi. Ndiyo maana 110 yenyewe ina matao ya plastiki juu ya magurudumu. Nayo inaoza vilevile. Angalia mwanzo kabisa kile chuma cha nyuma kinacholala kukatiza, penye ndoano ya kuvutia tela.

2. Hilux LN106. Hii ndiyo niliyochukua mimi, kwa sababu 110 nzima sikuipata. Urefu ni milimita 2,850, unazidi kwa 81. Hakikisha ni ile ambayo mbele ina ekseli moja iliyonyooka kutoka gurudumu hadi gurudumu, na springi za mabamba. Injini yake ya 3L, dizeli ya lita 2.8, hapa Ngamiani hata fundi mwanafunzi anaifungua bila kuuliza. Kazi iko kwenye vishikio vya kabini, vyote vinachomelewa upya, na tao la gurudumu la nyuma linasogezwa sentimita nane.

3. Land Cruiser 75. Chuma kweli, lakini ni milimita 2,980. Inafaa kama sehemu ya mizigo unaiunda upya. Wenye nazo wanajua wanachouza, na mtu akipata 75 nzima sioni kwa nini aichinje badala ya kuiendesha.

4. Discovery ya kwanza. Ni 2,540, fupi. Utaambiwa "inaungwa tu, bosi." Kuunga milimita 229 katikati ya chasisi, halafu upakie viazi na kuteremka kona za Soni kwenda Mombo? Hapana.

Sasa ukaguzi, maana hapa ndipo pesa inapopotelea. Chasisi yangu ya kwanza niliinunua kwa macho: nyeusi, inang'aa, imepakwa rangi nzito wiki ileile. Nyumbani nikaigonga kwa nyundo ndogo. Mbele ililia kama kengele. Karibu na springi za nyuma ikatoa mlio wa kopo, na bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Baadaye nikaambiwa gari lilikuwa likibeba samaki. Maji ya chumvi yalichuruzika humo miaka. Siku hizi rangi mpya naikwangua kwanza, muuzaji akinuna anune.

Kisha pima kama imepinda. Iweke juu ya sakafu ya saruji, teremsha timazi kutoka tundu za springi za mbele na za nyuma, weka alama za chaki, halafu vuta kamba kona kwa kona. Kamba mbili zisipolingana, gari liliwahi kugonga kitu.

Mwisho ni karatasi. Kadi ya gari ina namba ya chasisi, na ukishabadilisha, kadi na chuma havitasomana tena. Nenda TRA, mamlaka ya mapato, uulize kabla ya kukata chochote, ukiwa na kadi ya gari linalochinjwa na mkataba wa mauziano. Sugua kutu uisome namba mwenyewe kwenye chuma. Kwa 110 iko mbele, upande wa kulia. Muuzaji akikwambia kadi iko Dar kwa shemeji yake, mnunulie soda, muage.