Red ya King Crimson: miaka mingi niliisikiliza vibaya, mpaka nilipoiona laivu

Niseme mapema tu kwamba hii ndo albamu ninayoipenda kuliko zote kwenye roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye mpangilio tata, kwa hiyo anayetaka maoni ya mtu asiye na upande atafute kwingine. Red, King Crimson, 1974. Nyimbo tano, kama dakika 40 hivi, basi. Ninayo zaidi ya miaka kumi sasa, na kwa sehemu kubwa ya hiyo miaka nilikuwa naisikiliza vibaya, na naandika haya kwa sababu najua kuna watu wameshaijaribu wakaiacha njiani kwa kosa lilelile nililokuwa nalifanya mimi.

Niliijulia kwenye programu ya simu ya kusikilizia muziki. Ile programu ilikuwa inachanganya nyimbo inavyotaka yenyewe, yaani unapata wimbo wa tano wa albamu hii, unafuatia wimbo wa pili wa albamu nyingine kabisa, alafu tangazo, alafu kitu cha kucheza. Sasa wimbo wa mwisho wa Red unaitwa Starless, una dakika 12 na zaidi. Zile dakika nne na kidogo za mwanzo ni tamu mno, Mellotron, kinanda cha zamani kinachotoa sauti zilizorekodiwa kwenye kanda, inalia kama kundi zima la wapiga fidla wako mbali, gitaa linaimba taratibu juu yake, mwimbaji John Wetton anaingia na ile sauti yake nzito yenye huzuni. Hapo nilikuwa naelewa kila kitu. Alafu kuimba kunaisha, linabaki gitaa la besi linazunguka palepale kwenye mapigo 13, na mpiga gitaa Robert Fripp anagonga noti moja. Moja tu! Anaigonga, anaigonga, baada ya muda anapanda kidogo, anaigonga tena. Zaidi ya dakika nne. Mimi kila nikifika hapo nilikuwa navuta mbele mpaka pale bendi inapolipuka, nasikiliza ule mlipuko, najiuliza mbona watu wanausifia hivyo, mbona mimi haunishiki. Kumbe nilikuwa nakata shina alafu nashangaa matunda yako wapi.

Kwa asiyeijua hii bendi, nieleze kidogo. King Crimson walitoa albamu yao ya kwanza Oktoba 1969, ile yenye kava la uso mwekundu unaopiga kelele, uliochorwa na Barry Godber aliyefariki miezi michache tu baadaye akiwa bado kijana sana. Julai ya mwaka huohuo wa 1969 walikuwa wamepiga Hyde Park, London, kwenye onyesho la bure la Rolling Stones, mbele ya umati mkubwa ajabu, wakati wana miezi michache tu tangu waanze. Baada ya hapo watu wakawa wanaingia na kutoka, aliyebaki siku zote ni Fripp. Kufikia 1974 walikuwa wamebaki watatu, Fripp kwenye gitaa, Wetton kwenye besi na kuimba, Bill Bruford kwenye drams. Wakairekodi Red kiangazi cha mwaka huo, na kabla haijatoka Fripp akatangaza kwamba bendi imekwisha. Kwa hiyo watu waliinunua dukani bendi ikiwa imeshavunjika. Nyuma ya kava kuna picha ya kipimo cha sauti, sindano imeingia kwenye eneo jekundu. Mimi nikiiangalia ile sindano naona ni picha ya bendi yenyewe ilivyokuwa wakati ule.

Nyimbo zenyewe. Wimbo wa kwanza, unaobeba jina la albamu, hauna maneno, ni rifu moja nzito, yaani kifungu cha gitaa kinachojirudia, inayopanda ngazi kama mtu aliyebeba chuma, na mpaka leo nikiusikia najiuliza watu watatu wanatoaje uzito ule. Fallen Angel ni habari ya mtu anayempoteza mdogo wake kwa kuchomwa kisu New York, na ndani yake kuna oboe (aina ya zumari) ya Robin Miller na kornet (jamii ya tarumbeta) ya Marc Charig, vitu ambavyo huvitegemei kabisa pembeni ya magitaa makali vile lakini vinakaa. One More Red Nightmare ni ndoto ya ndege inayoanguka, kumbe mwenye ndoto kalala zake ndani ya basi, na msikilize Bruford pale, lile toazi linalolia kama bati lililopasuka aliliokota kwenye takataka, limepinda, akalipiga hivyohivyo. Nimesikia matoazi ya bei mbaya maisha yangu yote na hakuna ninalolikumbuka kama hilo bovu.

Providence sasa. Hapa ndo albamu inapungua kwangu. Ni kipande walichokibuni palepale jukwaani wakiwa ziarani Marekani, Juni 1974, wakati David Cross na fidla yake bado yuko nao. Dakika tatu nne za mwanzo ni mikwaruzo na ukimya, na nimejaribu kweli kuupenda, nimejaribu usiku, nimejaribu na hedifoni, mwishoni besi ya Wetton inapoamka naupenda lakini mpaka ufike hapo ni safari. Siuruki tena lakini. Nitaeleza kwa nini.

Mwaka 2019 nikapata nafasi ya kuwaona laivu, kwenye ile ziara ya kuadhimisha miaka 50 ya bendi. Watu saba jukwaani. Seti tatu za drams zimepangwa MBELE kabisa, Pat Mastelotto, Jeremy Stacey na Gavin Harrison, wengine wote wako nyuma yao kwenye jukwaa lililoinuliwa, Mel Collins na saksafoni zake, Tony Levin kwenye besi, Jakko Jakszyk anaimba na kucharaza gitaa, na kule pembeni kabisa Fripp amekaa kwenye kiti, suti, tai, hedifoni kichwani. Hakuna skrini kubwa, hakuna moshi, hakuna taa za kuzungukazunguka. Mwanga mweupe wa kawaida tu unawamulika karibu usiku mzima, kama vile wako ofisini.

Na simu marufuku. Walitangaza kabla ya kuanza kwamba hakuna kupiga picha wala kurekodi, subirini mpaka mwisho Tony Levin atakapotoa kamera yake awapige nyinyi picha, hapo na nyinyi pigeni. Kiukweli nilichukia kidogo, nimetoka mbali, nataka kumbukumbu, unanizuiaje. Dakika kumi za kwanza mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe. Baada ya hapo ukatulia. Sijawahi kukaa kwenye ukumbi wa watu wengi vile nikaona giza tupu mbele yangu, hakuna hata kioo kimoja kinachowaka, na maelfu ya watu wananyamaza pamoja. Ukimya wa namna ile una uzito wake, unausikia.

Mapumziko ya katikati nikaongea na mzee mmoja aliyekaa siti ya pembeni. Akaniambia aliwaona 1974. Akaniambia Starless walikuwa wanaipiga ukumbini hata kabla haijarekodiwa, na ile melodia ya mwanzo aliyokuwa anaipiga ni Cross kwenye fidla, siyo gitaa. Alafu bendi ikavunjika, na kwa miaka 40 King Crimson yenyewe haikuipiga tena, mpaka ilipofufuka na watu hawa 2014. Miaka yote hiyo alikuwa na santuri tu nyumbani. Nikamuuliza leo wataipiga? Akacheka, akasema yeye amekuja kwa ajili hiyo.

Wakaipiga sehemu ya pili. Mellotron ikaanza, ukumbi mzima ukashusha pumzi. Jakszyk akaimba vizuri sana, na wengi tulikuwa tunamkumbuka Wetton aliyefariki Januari 2017. Kuimba kukaisha. Levin akaingia na ile besi, Fripp na noti yake moja, na hapo hapakuwa na pa kuvuta mbele. Ikabidi nikae nayo. Na nilipokaa nayo ndo nikaona kinachofanyika, kwamba noti imesimama lakini kila kitu kinachoizunguka kinasogea, drams zinaanza kama mtu anagonga mlango kwa kidole, hapa kimoja, pale kingine, mara wanaongezeka, besi inakuwa chafu, gitaa linapanda nusu ngazi na hiyo nusu ngazi unaihisi tumboni kwa sababu umeisubiri. Alafu nikagundua jukwaa siyo jeupe tena. Mwanga ulikuwa unageuka mwekundu, polepole mno, kiasi kwamba sikuona ulianza lini. Usiku mzima walikuwa hawajabadilisha taa, mpaka pale. Kufikia wanalipuka jukwaa zima ni jekundu kama makaa, Mel Collins anapuliza saksafoni, na huyu ni mtu yuleyule aliyepuliza kwenye rekodi ya 1974, miaka 45 nyuma, huyo hapo amesimama mbele yangu. Ile melodia ya mwanzo ya huzuni ikarudi mwishoni, safari hii kwa nguvu zote, na mimi nilikuwa nalia. Mzee wa pembeni naye. Hatukuangaliana.

Mwisho wa shoo Levin akainua kamera yake na simu zote zikatoka kwa mara moja. Nina picha moja, imetikisika, zinaonekana seti tatu za drams na vichwa vya watu.

Niliporudi nyumbani kitu cha kwanza nikafuta ile tabia ya kuchanganya nyimbo. Nikazima simu, nikakaa, nikaiweka Red kuanzia mwanzo. Na hapo ndo nikaielewa Providence kazi yake, kwamba baada ya dakika nane za mkwaruzo na wasiwasi, ile Mellotron ya Starless inapoingia ni kama mtu amekufungulia dirisha. Ukiuruka unajinyima hiyo hewa. Bado siupendi peke yake, lakini pale ulipo unastahili kuwepo.

Alafu nikarudia albamu zote nilizokuwa nazo kwa mtindo huohuo, na aisee. Close to the Edge ya Yes, 1972, nyimbo tatu tu, wa kwanza umeshika upande mzima wa santuri, unaanza na ndege na maji yanatiririka alafu gitaa la Steve Howe linakuvamia, na katikati kila kitu kinatulia mpaka Rick Wakeman anapiga kinanda cha kanisa, cha kweli kabisa, kimerekodiwa ndani ya kanisa la St Giles Cripplegate, London. Mkung'uta drams humo ni nani? Bruford huyohuyo. Alimaliza kurekodi hiyo albamu, watu wote wanaiona ndo kilele cha Yes, yeye akaondoka kwenda King Crimson. Ukisikiliza Close to the Edge na Red siku moja unaona alichokuwa anakitafuta. Anayetaka kuanza na hiyo atafute rimiksi, yaani mchanganyo mpya wa sauti, ya Steven Wilson ya 2013, besi ya Chris Squire wa Yes inasikika kila noti, ila mimi mchanganyo wa zamani bado naupenda zaidi kwa vile umeshikana, kwenye mpya vyombo vimekaa mbalimbali mno.

Wish You Were Here ya Pink Floyd, 1975, nayo nilikuwa nimeiharibu vibaya, maana Shine On You Crazy Diamond wameigawa, nusu inafungua albamu na nusu inaifunga, wanamkumbuka Syd Barrett mwenzao wa zamani. Ukiisikia nusu moja katikati ya nyimbo za watu wengine huwezi kujua kwamba umeondoka na mtu na umemrudia. Thick as a Brick ya Jethro Tull ni wimbo mmoja pande zote mbili, huo hata ukichanganya unakuponyoka tu. The Snow Goose ya Camel haina maneno ya kuimba na ndo ninayompa mtu anayesema progu (roki ya progresivu) ni kelele, gitaa la Andrew Latimer ni pole sana. Genesis kwa kweli nilichelewa, Supper's Ready kwenye Foxtrot ina dakika 23 hivi na mara ya kwanza niliona kama nyimbo saba zimegombana, mara ya nne nikasikia zile dakika za mwisho na nikaelewa mwimbaji wao Peter Gabriel alikuwa anajenga nini muda wote ule.

Kwa anayetaka kuijaribu Red, ushauri wangu wa kawaida kabisa: hakikisha chombo chako hakiweki pengo wala tangazo kati ya nyimbo, tumia spika kama unazo maana ile besi kwenye spika ya simu haipo kabisa, na usiku ni bora kuliko mchana. Rekodi yenyewe ni nzito na chafu makusudi, usidhani spika zako zimeharibika. Ukifika Starless dakika ya tano weka mikono mbali. Nyota tano, na Providence nimeihesabu.

Mimi wiki hii nipo na Pawn Hearts ya Van der Graaf Generator, 1971. Upande wa pili wote ni kitu kimoja kuhusu mlinzi wa mnara wa taa baharini, nimeusikiliza mara tatu na bado sijaushika, leo usiku naurudia tena, taa zimezimwa.